Kilichozikwa Kisiwani Corra

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, magharibi mwa Sydney. Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi. Mkalimani wa Kiswahili yupo.

Jina: Prince Kalume. Umri: miaka 22. Kazi: kupanga mizigo stoo, shifti ya usiku. Makazi: Doonside.

Chef wangu, acha nikuite hivyo, kwetu Kongo polisi ni chef, ni heshima na ni urafiki pia. Umeniambia niende polepole. Nitajaribu. Kiingereza ninakijua, lakini haya nataka kuyasema kwa Kiswahili, juu kwa Kiingereza ninasemaga mbio, na mbio ndiyo imetuleta hapa.

Mnamo Jumamosi tarehe 7 Juni kwaya ya kanisa letu ilikuwa Cairns, kule Queensland. Tulialikwa kuimba Jumapili. Jumamosi ilikuwa siku huru, basi nikatafuta kwenye simu nikapata matembezi ya nusu siku ya kisiwa cha Corra: historia, mikoko, popo wakubwa, kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tulikwenda watatu. Mimi, mama Kasoki, ambaye ni mdogo wa mama yangu, na Dieudonné, shemasi wetu. Wengine walienda madukani.

Boti iliondoka saa mbili na nusu asubuhi, pamoja na watalii wengine. Kiongozi aliitwa Bruno, kijana wa palepale. Mambo ya kile kisiwa nilikuwa nimekwisha kuyaangalia YouTube, kwa hiyo kila akifungua mdomo mimi namalizia. Mama Kasoki akanipiga kiwiko. "Prince, umekuja kutembea ao umekuja kumfundisha?" Kwenye mikoko Dieudonné alikuwa amevaa viatu vya ibada, matope yakamfika soksi, mama akamwita mtalii wa mbinguni. Tulicheka. Nasema hivi ili ujue hatukwenda na mpango wowote.

Kama saa nne tulifika penye mabaki ya nyumba za zamani. Bruno alieleza kwamba pale waliishi watu walioletwa kwa meli kutoka visiwa vya mbali, kukata miwa. Wengi walifia pale. Makaburi yao yako ndani ya uzio, hayana majina. Kwao hakuna aliyeona mwili.

Mama Kasoki akaniambia, "Umuulize, kule kwao walizika nini?"

Nikauliza. Bruno akasema hajui, hakuna mtalii aliyewahi kumuuliza hilo.

Hapa lazima nieleze, chef. Mama Kasoki ana mtoto, Gratien. Alikwenda shambani upande wa Beni, kule Kongo, miaka tisa imepita, watu wenye silaha wakapita huko, hakurudi. Mwili haukuonekana. Kwa ukoo wa mama, mtu wa namna hiyo anazikwa kwa shina la mgomba. Linakatwa, linavalishwa kitenge, linalazwa, linaliliwa. Na likishavalishwa, hakuna tena anayeliita mgomba. Linaitwa jina la mtu. Ukiliita mgomba, basi umezika mgomba, na mwenyewe bado yuko porini. Hapa Sydney mama hakuwahi kufanya. Angepata wapi mgomba, na hata udongo wa kuchimba ni wa mwenye nyumba.

Nyuma ya mabaki palikuwa na migomba. Bruno alisema ni watu wale wa miwa walioipanda. Mama akaitazama muda mrefu. Kisha akaniambia nimwombee mmoja tu, uliokwisha kuzaa. Nikamweleza Bruno. Akasema uliokwisha kuzaa wanaukata hata hivyo. Akaleta panga na koleo, akaukata mwenyewe, akatuonyesha mahali nje ya uzio, halafu akawafuata watalii wengine ufukoni walipokuwa wanaogelea.

Mama akafungua kitenge alichojifunga juu ya sketi. Akavalisha. Dieudonné alichimba na akaomba. Mimi nilishika upande wa miguu, mama alishika kichwa. Hakulia mpaka mchanga ulipoanza kuingia. Hapo alilia, na sauti ilifika ufukoni, najua, juu watu walisimama ndani ya maji wakatutazama. Alisema tu, "Gratien, lala sasa, baba."

Wakati wa kurudi, kwenye boti, bibi mmoja mwenye kofia nyeupe aliniuliza mama ana nini. Nikajibu mbio, kama ninavyojibu kila kitu: "Amemzika mtoto wake." Hakuuliza lingine. Alihama kiti, akatoa simu.

Dieudonné akaniuliza, "Umemwambia nini yule?"

"Ukweli."

"Wote?"

Umeniambia picha za yule bibi, alizotupiga kutoka ufukoni, unazo: sisi watatu, shimo, na kitu kimefungwa kitambaa, urefu wa mtoto. Bruno amewaambia polisi wa kule kwamba alikata mti, lakini hakuona kilichofungwa. Dieudonné umemuuliza, amesema tulimzika Gratien, basi. Mama amesema hivyohivyo. Na umeniambia kule watachimba Alhamisi, isipokuwa mmoja wetu aseme waziwazi kilichoko chini na atie sahihi.

Uliponipa mapumziko nilitoka. Mama amekaa pale kwenye benchi ya mapokezi na sare ya kazi, leo anatakiwa Westmead kutunza wazee. Nikamwambia habari ya Alhamisi.

Akasema, "Wakimfukua, mimi sina nguvu ya kumzika mara ya pili."

"Basi niseme, mama mdogo?"

"Ukisema, umemfukua wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Si ni wewe unajibuga mbio?"

Basi, chef, andika. Chini ya ule mchanga kuna shina la mgomba, limefungwa kitenge cha bluu. Hakuna mwili wa mtu. Nimelitaja mara hii moja. Ninaomba mkalimani asilisome kwa sauti, juu kuta za hapa ni nyembamba na mama yuko upande wa pili.

Niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu yameishia hapo. Sasa natoka, na ataniangalia usoni. Ungekuwa wewe, chef, na ni mdogo wa mama yako aliyekaa pale, ungemwambia ulichosema, ao ungemwambia tu kwamba hawachimbi tena? Ungefanya nini?

Sahihi: P. Kalume

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo yamesomwa kwa shahidi kupitia mkalimani, isipokuwa sentensi aliyoomba isisomwe. Hiyo ameisoma mwenyewe kimya na kuithibitisha. Polisi wa Queensland wamearifiwa. Uchimbaji wa Alhamisi umefutwa. Swali la shahidi limeandikwa kama alivyouliza. Shahidi aliambiwa anaweza kwenda, akaomba akae kidogo.