Mlio Ulioanza Matangani

Jumatatu, 3 Februari 1986

Nimepakia chumvi Ngomeni alfajiri. Kivukoni Kilifi saa tano. Foleni ndefu, jua kali, na lori bado linalia. Mkanda wa feni. Linalia kama mbuzi aliyesahaulika kambani. Mama mmoja muuza korosho akaniuliza kama gari langu limeshikwa na uchungu wa kuzaa. Nikacheka kwa meno tu.

Mlio ulianza niliporudi kutoka matanga ya baba, wiki tatu sasa. Kabla ya hapo lori hili lilikuwa kimya.

Kahindi anasema kosa ni langu. Kahindi ni fundi wetu, na ni shemeji yangu, mume wa dadangu Kadzo. Mimi hupaka sifa kila chuma chini ya boneti, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, maana chumvi inakula chuma kama mchwa anavyokula mti. Yananuka, najua. Anasema yamedondokea mkanda. Huenda. Nimeacha kupaka tangu siku mlio ulipoanza.

Jumatano, 5 Februari

Mkanda mpya. Kahindi kaufunga mwenyewe. Kimya mpaka daraja la Sabaki, halafu yale yale. Nikausugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia, dawa ya madereva wote. Ikanifikisha Mambrui tu.

Jioni Bwana Athman, mwenye lori, kanisikia nikipita Shella, hapa Malindi. Akaniita barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. "Charo mwanangu, gari hili nilikupa halina kelele. Jumatatu nalitaka kimya. Au niletee ufunguo."

Madereva wawili kabla yangu walifukuzwa kwa kuuza vipuri. Najua anawaza nini. Nina hasira, na sijui ya nani. Kazi hii ndiyo niliyo nayo, sina nyingine.

Alhamisi, 6 Februari

Leo sikumwita Kahindi. Nimeegesha Gongoni nikajitafutia mwenyewe. Nikavua mkanda, nikawasha injini dakika moja. Kimya. Basi injini haina neno. Mkanda ni mpya. Imebaki kitu kinachozungushwa na mkanda.

Dainamo, nimeizungusha kwa mkono. Laini. Pampu ya maji, puli yake, lile gurudumu la mkanda, inacheza kama jino bovu. Beringi imekwisha.

Lakini pampu ile ilikuwa mpya mwaka jana. Niliitoa kwenye boksi mimi. Niliipaka sifa mimi, mara nyingi, mpaka ikawa na utando mweusi. Hii ni kavu. Nimeinusa. Vumbi tu.

Si pampu yangu. Mtu kaibadilisha.

Ijumaa, 7 Februari

Siku nzima barabarani nahesabu. Lori hili halilali mbali nami ila siku zile tano za matanga, Vitengeni. Ufunguo nilimwachia Kahindi. Kadzo ndiye aliyeniambia. Alinishika mkono kaburi la baba likiwa bado wazi, akasema, kaka, wewe lia, gari mwachie shemejio alitazame. Nikaona dada ninaye.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sitaki kuamini. Mimi ndiye niliyempeleka Kahindi kwa Bwana Athman. Nilisema, huyu ni damu yangu.

Jumapili, 9 Februari

Vitengeni. Niliaga kwamba namwangalia mama. Uongo nusu.

Ndugu yake Kahindi, Ngala, ana lori la mahindi, namna moja na letu. Wakati wa maziko lilikuwa juu ya mawe, limekufa, kuku wanataga ndani. Leo nimelikuta sokoni, limetoka kupakia, injini ya moto. Nikasogea mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kinyozi. Likanuka papa.

Vitengeni hii. Samaki mwenyewe hufika huku amekauka.

Ngala kanikaribisha vizuri. Akajisifia ndugu yake: "Pampu kanitafutia Kahindi, kaitoa Mombasa." Nadhani hajui lolote. Sikumwambia.

Nikaenda kwa mama, nikamweleza yote. Aliendelea kupepeta mahindi yake. Halafu akasema, "Kadzo aliniambia. Wakweze walikuwa wanamsema kila siku, gari limekufa na mumewe ni fundi. Nyumba yake ilikuwa inavunjika. Nikajua wewe utaelewa."

Mama alijua. Nilipokuwa nimekaa chini nanyolewa nywele za msiba, walikuwa wanajua wote. Sikula chakula chake. Ni mara ya kwanza maishani.

Jumatatu, 10 Februari

Kadzo kaja alfajiri, kabla sijanawa uso; habari za Vitengeni zilikuwa zimemfikia. Hakukana. Akasema niseme pampu ilivunjika mikononi mwangu. "Wewe huna mke wala mtoto, kaka. Utapata gari jingine." Kasema kwa upole, kama anayeniomba chumvi ya kupikia. Ule upole ndio ulioniua.

Nimekwenda Shella, nimemwambia Bwana Athman kila kitu, kwa pumzi moja, nisije nikageuka. Aliuliza swali moja tu. "Nani alimleta Kahindi kwangu?" Nikasema, mimi. Kisha akasema pampu irudi kabla ya Alhamisi, yeye hatakwenda polisi, na Kahindi asikanyage tena kwake. Ufunguo hakuutaka.

Nilitoka pale na kazi yangu mkononi.

Jumatano, 12 Februari

Pampu imerudi, imefungwa kwa gunia. Kahindi kaiacha mlangoni kwa Bwana Athman akaondoka. Nimeifunga mwenyewe. Vidole vinanuka papa mpaka sasa.

Nimewasha. Kimya.

Nasikia lori la Ngala limerudi juu ya mawe. Kadzo hajaleta salamu.

Jumamosi, 15 Februari

Ngomeni, Malindi, Kilifi, kurudi. Safari njema. Hakuna aliyenitania kivukoni.

Jioni nilisimama Maweni mbele ya nyumba ya Kadzo na mapapai mawili. Mwanawe akatoka mbio, "Mjomba! Mjomba!", akakumbatia mguu wangu. Sauti ya Kadzo ikamwita kutoka ndani, mara moja, kwa jina lake kamili. Akaniachia. Akaingia. Mlango ukafungwa taratibu.

Niliyaweka mapapai kizingitini. Nilipokuwa nageuza lori niliona bado yako pale.