Uji wa Kunipa Nguvu

Malaba, Jumanne jioni

Nguvu, eti! Wiki nzima tumbo limenisumbua na mimi nikalaumu dawa za thairoidi. Kumbe ni wifi yangu Nekesa. Leo nimemfumania jikoni akikoroga unga wa ngano ndani ya uji wangu wa wimbi.

"Unachoka kila siku, Mama Brian. Wimbi pekee haikupi nguvu," akajitetea.

Daktari alimweleza, Nekesa mwenyewe akiwa ameketi kando yangu, kwamba ngano inaniharibia matumbo. Akaitikia kwa kichwa, mjuaji yule!

Uji nimewamwagia kuku. Nekesa naye ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba ninaringa.

Sijali. Ninachoogopa ni kesho, mwili ukikataa kuamka, maana atakayenipikia ni yeye tena.