Kidirisha cha Jikoni

Ijumaa, 14 Juni 1996

Bado siamini. Miaka kumi na tisa Baba alikuwa mpishi wa mzungu katika nyumba hii, kabla haijawa shule. Kule kwetu Kalama tulikua tukisikia habari zake: sakafu inayong'aa kama maji, miguu ya meza iliyochongwa kama ya simba, viatu vya wageni. Nilipohamishiwa hapa kufundisha niliona ni kama nimerudi nyumbani.

Leo ilikuwa siku ya wazazi, akaja. Nikampitisha mlango wa mbele hadi darasani kwangu, ambapo zamani palikuwa chumba cha kulia. Akasimama, kofia mkononi, akitazama ile dari ya mbao yenye maua.

"Hapa ni wapi?"

Nikacheka. "Baba, si ni dining!"

Hakucheka. Akatoka, akazunguka nyuma hadi jikoni, ambako siku hizi ni stoo ya vitabu. Kwenye ukuta kati ya stoo hiyo na darasa langu kuna kidirisha kinachonifika kiunoni. Mimi hupitishia madaftari hapo, nikimlaani fundi aliyekiweka chini hivyo. Kikafunguka. Nikaona mikono miwili, basi. Kisha Baba akainama, akachungulia.

"Eeh. Sasa nimepajua. Mpishi alikuwa akipitisha chakula hapa tu, haruhusiwi kuvuka huko."

Niliketi kwenye dawati la mtoto. Na mimi ndiye niliyejifanya mwenyeji!

Nimezikumbuka hadithi zake zote, moja moja. Sakafu. Miguu ya meza. Viatu. Hakuna hata moja yenye dari.