Jina Lililofutwa Chini ya Buletini

Bunia, Jumapili mchana

Kwa Yaya wangu Fransiska, dada yangu mkubwa, huko Mahagi,

Kabla sijakuuliza hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri wakati wa kuungama: mkono wa Prof Anselme umevunjwa kwa sababu yangu. Barua hii isome peke yako.

Sasa nikusalimu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mtoto wako ameota meno? Huku tunaishi. Milio ya bunduki imehamia upande wa Marabo, na shule imefunguliwa tena, ingawa madawati mengi yamechomwa kama kuni.

Unajua Baba Mdogo, mume wa Mama Mdogo anayenilea hapa, ana ofisi ya kuchapisha karatasi, yenye kompyuta moja na jenereta. Prof Anselme, anayetufundisha hesabu, alikuwa akija pale kila baada ya masomo. Kwa miezi mingi aliandika programu ya kujumlisha pointi za wanafunzi na kutoa buletini za shule, zile ripoti za matokeo tunazopeleka nyumbani. Alinifundisha kuisoma mstari kwa mstari, nami niliisoma kama kitabu kizuri. Chini ya kila buletini ilitokea: "Kazi ya Anselme, mwalimu."

Alitusimulia darasani kwamba huko Amerika kampuni moja kubwa ya kompyuta iliishtaki nyingine miaka na miaka, ikisema imeiba sura ya programu yake, yale madirisha na vipicha vinavyoonekana kwenye kioo. Mmoja wetu akasema hapa Bunia madirisha yanaibwa pamoja na mbao zake. Tulicheka sana, na Prof pia.

Kisha shule nyingine ikamwomba ile programu, naye akaipeleka kwenye disketi. Baba Mdogo alikasirika. Alisema kompyuta ni yake, mafuta ya jenereta ni yake, basi na kazi ni yake. Prof akajibu kwamba kichwa kilichofikiri si cha jenereta. Alipoondoka, Baba Mdogo aliniita nifute jina la Prof kwenye kompyuta, niandike lake. Nilisita. Hakupaza sauti.

"Weye unakula kwa nani?"

Nikafuta. Haikuchukua hata dakika tano.

Mahakimu walikimbia tangu vita vilipoingia mjini, kwa hiyo Baba Mdogo alipeleka mashtaka kwa vijana wenye silaha wanaotawala mtaa wetu. Kamanda wao alifurahi kupata kesi ya namna hiyo. Alikuja ofisini, akamfanya Prof asimame, yeye akakaa kwenye kiti cha wateja, bunduki magotini.

"Leo siye ndiyo tribinali ya Amerika," alisema, na wenzake wakacheka.

Wakafungua kompyuta: jina la Baba Mdogo. Wakafungua disketi: jina la Prof. Kamanda akanigeukia.

"Mutoto, jina gani walibadilisha?"

Prof hakuogopa. Alinitazama kama anavyonitazama nikienda ubaoni, akijua nitapata jibu.

"Ya kwenye disketi," nikasema.

Walimshika, wakaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, wakaupiga kwa kitako cha bunduki mara tatu. Baba Mdogo aliomba tu wasiguse kompyuta. Jioni ile Mama Mdogo alinipa paja la kuku. Nililila.

Buletini yangu iko humu ndani. Mwonyeshe Mama asilimia zangu, ila kunja chini, asisome jina la Baba Mdogo. Nisalimie Baba akirudi kutoka ziwani, na shangazi anayekausha samaki, na shemeji, mume wako, aliyenipa kamusi. Bado naisoma kila siku.

Juzi Prof alirudi shuleni, mkono umefungwa vitambaa. Alijaribu kushika chaki kwa mkono wa kushoto, ikavunjika. Darasa zima likainamisha vichwa. Akaniita kwa jina.

"Njo uandike pa nafasi yangu. Weye unajua."

Nikaenda, nikachukua chaki. Nikaandika yote aliyosema mpaka kengele ikalia, kisha nikafuta ubao.

Mdogo wako,
Espérance