Nililoshindwa Kumsomea Kaka Mbuvi

Shuleni, karibu na Kabati
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa dada Kavata,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na mama yako. Je, goti lake lilipona, au bado anapanda ule mlima akijishika kiuno? Na baridi ya Mbooni mmeikabili vipi mwaka huu? Mimi ni mzima, isipokuwa macho yananiuma kidogo kwa sababu ya kusoma. Nyumbani pia ni wazima. Baba anakohoa asubuhi tu, akishakunywa chai anapoa.

Anayekuletea barua hii ni Wayua, tunayelala naye bweni moja. Kwao si mbali na kwenu, na ndiye aliyenipa habari zako. Aliniambia kuna mtu aitwaye Jonah, anayepandikiza miche ya maparachichi, ambaye amekuja kwa mama yako mara tatu kukuposa, na mara zote tatu umemwambia aende akatafute mwanamke aliyekamilika, asipoteze wakati kwa tasa. Wayua alilisimulia kama jambo la kuchekesha. Alisema mara ya mwisho Jonah alishuka mlima akiwa bado amemkumbatia kuku aliyemleta kama zawadi. Wenzetu walicheka sana. Mimi nilitoka nje nikaenda kufua sare ambayo ilikuwa safi.

Tangu Januari, Baba na mjomba walipokurudisha kwenu na sanduku lako na cherehani, mambo hapa yameendelea, lakini si vizuri. Nyumba yenu, wewe na kaka Mbuvi, imefungwa. Mama yetu, Mwaitu, huwaambia akina mama wa kanisa kwamba tulikutendea wema, kwa sababu hatukudai mbuzi wa ntheo tuliowatoa ulipochumbiwa. Wao hutikisa kichwa na kusema ni kweli, familia nyingine zingedai mpaka mbuzi wa mwisho. Kaka Mbuvi bado anafyatua matofali. Anakula jikoni kwa Mwaitu, na akiongezewa chakula anasema ameshiba. Wamemtafutia msichana wa upande wa Kiboko, jina lake Kalunde, ana miaka ishirini na miwili. Mbuzi wake watapelekwa Desemba. Najua kukuandikia haya ni kukuumiza, lakini utaona kwa nini sikuweza kuyaruka.

Nataka kukusimulia kwanza habari za beberu wa Baba, yule mweupe mwenye masikio marefu aliyemnunua ukiwa bado nasi. Mwezi wa Machi aliugua homa kali, akalala siku sita bila kula. Alipopona alirudia kazi yake na majike wote tisa, lakini hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Baba akamwita Nzomo, daktari wa mifugo. Nzomo alimshika korodani, akazibonyeza polepole kama mtu anayechagua embe sokoni, akasema huyu ni kama shemasi anayekuja kanisani na suti kila Jumapili na kazi hafanyi. Baba, ambaye ni shemasi, alicheka kuliko wote. Kisha Nzomo akaeleza kwamba mbegu za dume haziko tayari ndani kama mahindi ghalani. Zinatengenezwa kila siku, na inayotoka leo ilianza kutengenezwa karibu miezi miwili iliyopita. Homa kali huua zilizo njiani. Wakati mwingine huua hata seli mama zinazozizaa, na hapo hakuna tena. Alimshauri Baba asubiri.

Baba alisubiri. Nilipofika likizo ya Agosti, Nzomo alirudi, nami ndiye niliyeshika kamba. Korodani zilikuwa zimesinyaa na kuwa ngumu. Baba alisema basi, huyu aende kwa mchinjaji, ataazima beberu kwa jirani, maana majike hawana kosa lolote. Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayesema leo kuna jua. Mwaitu alikuwa kando akichagua mbaazi, akaitikia kwamba ni kweli, majike watasumbuliwa bure. Hakuna aliyesema jike yeyote arudishwe alikotoka.

Dada, nilibaki nimeshika ile kamba hata baada ya beberu kufunguliwa.

Muhula huu Mwalimu Wanjiro ametufundisha somo lenyewe. Wasichana wengine walificha nyuso kwa vitabu, mimi niliandika kila neno. Alisema mvulana huanza kutengeneza mbegu anapobalehe, na seli moja ikigawanyika mara mbili hutoa mbegu nne. Korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu mbegu hazikui vizuri penye joto. Mwanamke ni tofauti. Seli yake ikigawanyika hutoa yai moja kubwa, na zile ndogo zinazobaki hunyauka, ili lile moja lipate chakula chote. Tena msichana hazaliwi bila kitu. Akiwa bado tumboni mwa mama yake, tayari ana seli zote zitakazokuwa mayai yake. Huanza kugawanyika, kisha husimama katikati na kungoja miaka mingi, moja moja ikiitwa. Kwa hiyo seli iliyokuja kuwa wewe ilianza tumboni mwa nyanya yako, alipokuwa na mimba ya mama yako. Nilipolisikia hilo nilikufikiria, ukipiga magoti mbele ya kanisa huku akina mama wakiliombea tumbo lako lifunguliwe, kana kwamba lilikuwa limefungwa.

Mwalimu alisema pia kwamba mvulana aliyebalehe akiugua matubwitubwi, ugonjwa unaweza kushuka ukavimbisha korodani na kuharibu seli mama. Hapo kalamu yangu ilisimama. Wewe mwenyewe umemsikia Mwaitu akisimulia jinsi kaka alivyovimba mashavu akiwa na miaka kumi na saba, mimi nikiwa mchanga mgongoni mwake. Huwa anaigiza jinsi alivyotembea wiki nzima ametanua miguu kama bata, na sote tunacheka. Wewe pia ulikuwa ukicheka.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nikuandikie. Nimelizunguka kurasa tatu.

Desemba ya mwaka juzi, nilipomaliza kidato cha kwanza, kaka alikwenda mjini kupimwa. Wewe ulikuwa umekwenda kwenu kumwuguza mama yako. Hukujua, kwa sababu aliona aibu kukuambia. Kwenye kliniki alipewa bahasha dirishani, akaambiwa amngoje daktari, lakini foleni ilikuwa ndefu na tanuru lake la matofali lilikuwa linawaka nyumbani. Akarudi na bahasha. Aliingia jikoni, akampa Mwaitu kiti, akanipa mimi karatasi kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza na mimi ndiye msomi wa nyumba. Akaniambia nisome polepole, nisiruke kitu.

Niliielewa yote. Ilisema wamechunguza mara mbili na hawakuona mbegu hata moja.

Unajua jinsi tulivyolelewa. Msichana hatamki mambo hayo mbele ya kaka yake mkubwa, na mama yao ameketi hapo. Nilitafuta neno la Kikamba nikalipata, lakini halikutoka. Walikuwa wananitazama. Nikakunja karatasi, nikasema daktari ameandika kwamba kaka yuko sawa.

Mwaitu alianza kuimba. Kaka aliinama akafunika uso kwa mikono, na nadhani alilia. Nilijiambia nitarekebisha kesho yake. Kesho yake Mwaitu alikuwa ameshawaambia majirani wawili. Kisha ulirudi, na kuanzia siku hiyo dawa chungu zikawa zako peke yako, na mifungo ikawa yako, na maneno ya kwamba mbegu nzuri imepandwa penye mwamba yakawa yako. Mwaka mzima, kila likizo, nilikuona ukimeza yote. Wewe hukupimwa hata siku moja. Ulipotolewa Januari, nilibeba sanduku lako mpaka barabarani, ukaniambia nisome kwa bidii. Kaka hakukudanganya. Yeye aliamini. Mwongo ni mimi.

Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii, niliificha miaka hii yote katika kitabu cha Biolojia. Mpe mtu yeyote unayemwamini akusomee tena. Siwezi kukuambia kwamba utazaa, kwa sababu sijui, na sitaki kukudanganya mara ya pili. Ninalojua ni kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kukuita tasa.

Tutafunga shule tarehe ishirini na nne mwezi huu, na siku hiyo nitamwambia kaka, kabla mbuzi hawajapelekwa kwa Kalunde. Najizoeza kulisema kwa Kikamba nyuma ya maabara, nikiwa peke yangu. Bado sauti inakatika. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyelipa.

Sikuombi unisamehe, maana hiyo itakuwa kukupa kazi nyingine. Naomba hili tu. Jonah akija mara ya nne, mkatae kama humpendi. Mkatae kama anaongea sana, au kama kuku wake amekonda. Lakini usimkatae kwa sababu yetu.

Msalimie mama yako na uniombee. Hata usiponijibu, nitaelewa.

Aliyekuwa wifi yako,
Ndinda Kilonzo