Gari la Viti Viwili

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Kile kikohozi cha mdogo kimepona? Mwambie shangazi yake bado anautunza mchoro wake wa tembo mwenye miguu mitano. Nimeubandika juu ya meza yangu kazini, na kila fundi anayepita huihesabu ile miguu. Mimi sijambo. Kiwanda bado kinashona sare, cherehani bado zinaharibika, kwa hiyo bado nina kazi. Baba naye ni mzima wa mwili. Ya moyo nitayafikia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza jambo moja tu, tuendelee kulitengeneza lile gari au tumwache baba aliuze, na ukasema utafuata nitakalosema kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu naye. Nilikaa na swali hilo siku nne nzima. Jibu lenyewe si gumu. Ila siwezi kukupa jibu bila kukueleza mengine, na hayo mengine hayanipendezi hata mimi.

Nadhani hujasahau lilivyoletwa, likivutwa kwa kamba, jekundu lililopauka, halina paa wala kioo cha mbele, na mama amesimama mlangoni akiuliza watu wanne watakaaje kwenye viti viwili. Baba alisema kiti kimoja ni chake na cha pili ni cha fundi wake. Fundi wake ulikuwa wewe, una miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa na tisa, nikapewa tochi niwamulikie, na ndipo mlipoanza kuniita Tochi. Mlicheka sana. Nami nilicheka, maana aliyenuna alirudishwa ndani. Injini ile niliijua kwa kuimulika mikono yenu.

Ulipokwenda chuo gari lilifunikwa turubai bandani, likakaa hivyo miaka kumi na saba. Kisha mama akatutoka, na baba akawa hatoki nje. Alikuwa anakaa sebuleni tangu asubuhi, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mimi ndiye niliyelifunua lile turubai. Nilimwambia njoo unifundishe, mimi najua cherehani tu. Nilikuwa najua zaidi ya hapo, lakini niliona akifunga kamba za viatu upya, nikanyamaza.

Miaka mitatu ya Jumamosi, kaka. Zilikuwa nzuri. Mtu aliyekereza vyuma kiwandani miaka thelathini alirudi kuwa fundi mbele ya macho yangu, akapata na maneno, hata akanisifu kwamba nina mikono myepesi. Lakini hatukuwahi kuwa wawili mle bandani. Makopo ya nati yana mwandiko wako, na sikuruhusiwa kuyaandika upya ingawa wino umefutika nusu. Nikifunga kitu vizuri, baba alisema hivyo ndivyo kaka yako alivyokuwa akifunga. Nikikosea, alisema kaka yako asingelazimisha. Siku nyingine aliniita kwa jina lako. Niliitika, kwa sababu kumsahihisha kungeniuma zaidi.

Mwezi wa pili liliwaka. Ilikuwa saa nne asubuhi, kabureta nimelifunga mimi, nimelirekebisha mimi. Liliguna, likapiga chafya, likashika. Baba alifuta macho kwa kitambaa cha grisi, akatoa simu, akakupigia wewe. Alikushikia simu karibu na sailensa usikie mlio. Kisha nikamsikia akikuambia kwamba breki zikikamilika atakuletea, ukae kwenye kiti chako, uliendeshe mwenyewe. Mlicheka pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi. Nilinawa, nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda zangu.

Jumamosi iliyofuata gari liliwaka, likaunguruma dakika kumi, likapata joto, likazima. Tangu hapo ikawa ndiyo tabia yake. Baba alisafisha tangi, akabadilisha mipira ya petroli, akabadilisha plagi, kabureta akalifungua mara sita. Mwanzoni alifanya kwa hamu. Baadaye alianza kuandika ukutani kwa chaki kila alichokwisha kukigusa, akisema huenda anasahau. Mwezi wa tano alikwenda kwa daktari kumwuliza kama akili ya mtu inaweza kuchakaa bila mwenyewe kujua. Daktari alimwambia yuko sawa kabisa, naye hakumwamini. Mwezi wa sita akamgawia jirani maikromita yake ya kupimia unene wa vyuma, ile tuliyokatazwa hata kuipulizia vumbi, akasema mtu asiyeweza tena kuisikiliza injini hana kazi nayo. Wiki iliyofuata ndipo alipokupigia akakuambia amekwisha, atafutwe mnunuzi.

Kaka, baba hajaisha. Gari halikuwa na ugonjwa wowote.

Ndani ya distribyuta, pale umeme unapogawanywa kwenda kwenye plagi, kuna kondensa, kidude kisichozidi kifundo cha kidole. Ikiwa mbovu, injini huwaka vizuri na kuzima ikipata joto, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Wiki ile ile, baada ya ile simu, niliokota mbovu kwenye kopo la vyuma chakavu, nikaiweka mahali pa nzima. Nikitaka kujitetea nitasema nilitaka zile Jumamosi ziendelee, kwa sababu gari likikamilika lingekuja kwako na baba akiwa ndani yake. Ni kweli. Lakini nisijipambe. Nilitaka pia wewe ukose. Ulikuwa umepewa kila kitu bila kuomba, na mimi nilitaka kiwepo kimoja usichofikishiwa.

Na kuna baya kuliko hilo. Baba aligundua. Mara ya kwanza kabisa lilipozima aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema hiyo ni kondensa. Alinunua mpya, akaifunga kwa mkono wake, akaingia ndani kunywa chai kabla ya kujaribu. Nikabaki peke yangu, nikaitoa, nikarudisha mbovu. Injini ilipozima tena niliuona uso wake. Niliuona, na Jumamosi iliyofuata nikaja tena nimebeba mkate kama binti mwema.

Jana asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwake. Nilimkuta anakunywa chai. Niliiweka ile kondensa mpya mezani, karibu na kikombe chake, nikamwambia, "Baba, ulipatia tangu siku ya kwanza."

Hakuuliza nimeitoa wapi. Aliichukua, akaenda bandani, akaifunga mwenyewe, akawasha. Tulisimama kila mtu upande wake wa gari. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini, mshale wa kipimo cha joto ukapanda ukatulia, injini haikuyumba hata kidogo. Akaizima yeye. Hapo ndipo aliponiuliza kwa nini. Hakuniuliza kwa ukali, na afadhali angekuwa mkali. Nikamwambia ni kwa sababu siku gari lilipowaka alikupigia wewe kwanza.

"Kaka yako hakuwepo," akasema. "Wewe ulikuwa umesimama hapa. Nikupigie simu ya nini?"

Miezi mitano, kaka, na wazo hilo halikunijia hata mara moja. Baba hakunituliza. Alisema tu, "Nilikwenda kwa daktari," akalirudia hilo hilo, halafu akanyoosha mkono nikampa ufunguo wangu wa banda. Breki atazimalizia bila mimi. Akinihitaji ataniita.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba gari lisiuzwe. Limebaki breki na gia ya tatu inayokwaruza, kazi ambayo baba anaiweza akiwa amefumba macho. Kama umekwisha kumpata mnunuzi, mwambie asije. Leo Jumamosi nilipita njia ya nyuma, nikasimama kwenye uzio kama mwizi. Jirani alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva akikanyaga pedali ya breki, na baba yuko chini ya gari akimwamuru kanyaga, achia, kanyaga, kwa sauti yake ile ya zamani. Mtu mzima mimi, nilimwonea wivu jirani kwa kukanyaga pedali.

Una haki ya kunikasirikia. Kukuonea wivu sijaacha, na nikisema nimeacha nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo. Ila nakuomba jambo moja. Baba ndiye anayekupigia siku zote, kesho mpigie wewe. Usinitetee kwake, wala usimwulize habari zangu. Mwulize kuhusu breki. Atakueleza saa nzima, na usimkatize, kwa sababu hakuna anachokipenda kama kuulizwa.

Wifi umfikishie salamu zangu, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mkae salama wote.

Ni mimi mdogo wako.