Kikombe cha Zuhura, Mkono Wangu

Alhamisi, 4 Juni
Sketi sita za shule zimetoka kabla ya saa nne. Cherehani ya tatu inakula uzi tena. Baridi ya Doornfontein inaingia mpaka kwenye sindano.

Nilikuwa nakata vizibao vya netiboli, Papa Jeannot akaja kuazima mkasi. Fundi viatu wa mlango wa pili, Mkongomani. Hata salamu hakumaliza, akauliza nani alikuwa bora, kwa Kiswahili cha kwao. Mama, nani alikuwa mukubwa, weye ao Zuhura?

Habari imefika mpaka kwake. Tarehe 16, sikukuu, Waswahili wa hapa mjini tuna bonanza. Kikombe kipya, na kinatafutiwa jina. Majina ni mawili: Zuhura mfungaji, mimi mlinzi. Tulicheza pamoja timu ya netiboli ya kiwanda cha nguo, Morogoro. Tukaolewa na wakimbizi wa Afrika Kusini, wote wawili, na wenyewe waliporudi kwao tukaja nao. Kila nyumba ina kura moja, kwenye kundi la WhatsApp, mwisho Jumapili jioni.

Papa Jeannot hakuwahi kutuona tukicheza. Lakini anajua. "Mwenye kufunga ndio mukubwa, mama. Ni vile tu."

Nikamnyima mkasi.

Jumamosi, 6 Juni
Kundi linawaka moto. Wenye mvi wote wanaimba kitu kimoja, ule mpira wa Zuhura. Mpira wa mawinguni. Unapanda mpaka unakata tamaa, halafu unashuka katikati ya pete bila kugusa chuma. Vijana waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili chenyewe wanakisikia tu hawakisemi, wanatuma vikaragosi vya makofi.

Hakuna aliyeuliza mpira ule ulitoka wapi. Mimi najua. Sisemi. Sijipigii debe.

Ila hesabu ni hesabu. Zuhura akifunga, ni bao moja. Mimi nikinyang'anya mpira chini ya goli letu, bao lao limekufa, na mpira huohuo unakwenda mbele kwake anafunga. Moja tumenusurika, moja tumepata. Mawili. Sasa nani bora? Lakini bao linaandikwa ubaoni. Mpira ulionyang'anywa hauandikwi popote.

Jumapili, 7 Juni
Zuhura 21. Mimi 20.

Kura moja. Sijala.

Jumatatu, 8 Juni
Nimejua ni kura ya nani.

Binti yangu Thandi ndiye katibu wa kamati ya bonanza. Asubuhi nikamwambia, mwanangu, nyumba yetu hatukupiga kura, mimi nilinyamaza kwa heshima. Akaangalia pembeni. Akasema kwa Kizulu, ili lisikike dogo, kwamba baba alipiga.

Baba yake! Chini ya paa langu. Alituma kwa simu niliyomnunulia mimi. Kura yake ingekuja kwangu, mimi 21, Zuhura 20. Hata mtoto wa darasa la pili anaona.

Nikamuuliza Baba Thandi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Mama Thandi, mtu hasifii nyumba yake hadharani. Kwetu ni aibu." Nikasema sawa, ungekaa kimya basi. "Halafu kusema kweli, yule mwanamke alikuwa anafunga."

Miaka yote hii nimeishi na mpinzani.

Alhamisi, 11 Juni
Simsemeshi Baba Thandi. Chakula anapata. Maneno hapati.

Leo kamati imenitumia kazi. Utepe wa kikombe, wa kitambaa cha bluu, jina litariziwe kwa uzi wa dhahabu: KIKOMBE CHA ZUHURA. Wamenipa mimi kwa sababu hakuna mwingine anayetarizi herufi zikasimama. Thandi aliona haya kunikabidhi. Nikamwambia weka mezani.

Nilikuja mji huu sina kitu isipokuwa vidole. Nikaanza kushona na cherehani ya kuazima, ya mkono, kwenye korido ya ghorofa moja hapa hapa. Leo nina cherehani sita na wanawake wanne wanaokula kwa kazi yao. Hakuna aliyenipigia kura. Sitaanza kulia leo kwa ajili ya kikombe cha bati.

Inauma lakini. Niandike ukweli, inauma sana.

Jumamosi, 13 Juni
Zuhura kapiga simu kutoka Soweto. Kicheko kwanza, salamu baadaye, kama kawaida yake.

"Mlinzi wangu! Nasikia unanishonea. Usinitilie uzi mbovu, bibi wee, nikaanza kufumuka mbele za watu."

Nikamwambia nashona kulingana na mteja. Akacheka mpaka akakohoa. Goti lake baya, anasema, anatembelea fimbo. Lakini vijana wamemwomba siku hiyo arushe mpira mara chache, wauone ule wa mawinguni. Nikamuuliza utaweza? Akaanza kuniuliza bei ya uzi. Zuhura kukwepa swali si kawaida.

Jumatatu, 15 Juni
Utepe umekwisha. Herufi Z niliifumua mara mbili, ilikuwa imelala upande. Angekuwa mtu mwingine ningeiacha. Hapana, uongo. Nisingeiacha kwa mtu yeyote.

Ni kazi nzuri. Hata nikiwa na hasira ni nzuri.

Jumanne, 16 Juni
Nimechoka lakini niandike kabla halijapoa.

Kiwanja cha saruji nyuma ya kanisa. Jua kali, upepo wa baridi. Watu wengi kuliko nilivyodhani. Wasichana wamevaa vizibao vyangu, hakuna hata kimoja kilichoteleza begani. Mechi zikachezwa, kikombe kikatolewa, utepe ukapigwa picha nyingi kuliko kikombe chenyewe. Vizuri.

Halafu wakamwita Zuhura. Akaacha fimbo, akachukua mpira, akasimama karibu na nguzo. Akarusha. Ukagonga chuma, ukarudi. Akarusha tena. Haukufika hata kwenye pete. Wa tatu ukapita pembeni. Msichana mmoja nyuma yangu akasema eish, kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. Na Zuhura alisikia.

Ningefurahi. Nilijisubiri nifurahi. Haikuja.

Zuhura akageuka, akatafuta kwenye watu mpaka akaniona. "Rehema! Njoo usimame hapa. Siwezi kurusha mbele ya hewa. Sikujifunza hivyo."

Nikavua viatu. Saruji baridi kama barafu. Nikasimama mbele yake futi tatu, kama sheria. Futi tatu ni yadi, na yadi ndio ilikuwa upana wa kitambaa cha kiwanda chetu. Sihitaji utepe wa kupimia. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikainama mbele juu ya vidole vya miguu.

Akautazama mkono wangu. Si pete. Mkono. Uso wake ukabadilika, nikamwona yule msichana wa Morogoro.

Mpira ukapanda. Ukapita juu ya vidole vyangu, juu zaidi, ukasimama huko, ukashuka katikati. Chuma hakikuguswa.

Kiwanja kikalipuka kwa shangwe. Akarusha mwingine. Ndani. Vijana wakamzunguka, wakampa kipaza sauti. Akasema, huku anahema: "Mimi ndiye niliyekuwa bora, msibishane, kura imepigwa. Lakini mnataka kujua mpira huu ulitoka wapi? Kila jioni mazoezini huyu alinisimamia hivi. Nikirusha chini, anauchukua. Nikirusha kati, anauchukua. Nililia, nikaenda kwa kocha kumshtaki. Mwisho ikabaki njia moja tu, juu. Mechi zenyewe zilikuwa mapumziko."

Nilijua. Sikujua kama na yeye anajua.

Akasema sasa anarusha wa mwisho. Baba Thandi, pale kwenye kiti chake, akapiga kelele kwa Kiswahili cha Morogoro: "Mkabe, mke wangu! Mkabe!" Mbele ya kila mtu. Aibu yake yote ikaenda wapi, sijui.

Mpira ukapanda. Niliruka. Mwanamke wa umri wangu, bila viatu. Ncha ya kidole cha kati ikaugusa. Ukayumba, ukagonga chuma, ukaanguka nje.

Zuhura akanitukana kwa mapenzi. Akanishika begani, akaegemea, nikambeba uzito mpaka kwenye fimbo yake.

Jumatano, 17 Juni
Kazini saa mbili. Kidole cha kati kimevimba, mkasi nashika kwa shida. Baba Thandi amekifunga bandeji kabla sijatoka, kimya kimya, vizuri. Nimemwambia asante. Ndilo neno la kwanza tangu wiki iliyopita.

Cherehani ya tatu nimeirekebisha mvutano. Haili uzi.

Papa Jeannot kaja kuazima mkasi. Kauliza tena, nani alikuwa mukubwa.

Nikamwambia mimi. Nikampa mkasi.